Jina la Fundi wa Tunduru

Hapa Mbinga ukimtaja Asteria Kapinga utaambiwa kwanza kwamba ni mchoyo, kisha kwamba anachora vizuri. Wanaosema hivyo wengi wao walikuwepo siku alipoacha kuwa mchoyo, na wanajua yaliyofuata. Hayo yaliyofuata hawayasimulii.

Asteria alizaliwa Kingerikiti, kwa mzee Erasmo, mkulima wa kahawa. Kule milimani mtu hukua akitazama ngolo, yale mashimo ya mraba yanayochimbwa kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo. Ukiyatazama kutoka mlima wa pili, utadhani mlima mzima umefumwa kama mkeka. Asteria aliyatazama hadi akayahamishia kwenye karatasi: matuta kwa mistari minene, giza la shimo katikati, na hapa na pale jani la haragwe. Alipofiwa na mume akiwa bado kijana, mchoro huo ndio uliomlisha yeye na mwanawe. Aliuweka kwenye mifuko ya kitambaa, fulana na vitambaa vya meza. Kwa wateja wa kando ya ziwa alichora samaki wao, mbasa na makundi ya usipa.

Lakini kuchora ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpata wa kuchapa. Mchapaji wake wa kwanza alimharibia fulana za watoto wa Kipaimara. Zilipofuliwa mara moja tu, bluu yote ilishuka kwenye nyeupe, na akina mama wakaja nazo mlangoni kwake zikiwa bado mbichi. Aliuza cherehani ili awarudishie. Mchapaji wa pili kitambaa chake kilinywea. Wa tatu alitaka mzigo wa kujaza gari ndipo awashe mashine. Kwa miaka kadhaa Asteria alikuwa mtu wa kupeleka vipande vya majaribio, kuvifua, kuvianika juani na kuvitupa. Hakuna aliyemsindikiza katika hayo. Wengi walimcheka.

Mwishowe akampata mzee Adinani, huko Tunduru. Mzee huyu anachapa uani kwake, juu ya meza moja ndefu, kwa fremu za mbao zilizowambwa wavu mwembamba, na mkewe Mwanakombo ndiye anayechanganya rangi. Alikubali mzigo mdogo. Alirudia rangi ya udongo mara nyingi, bila kununa, hadi Asteria aliporidhika. Fremu zilizobeba michoro ya Asteria zikabaki kwake, maana kuzisafirisha kwenye basi ni kuzipasua. Ila aliomba jambo moja.

"Mwanangu, usiniletee watu," alisema. "Meza yangu ndiyo hii. Akija mwenye kazi kubwa nitashindwa kumkatalia, na wewe utakosa nafasi. Najijua."

Kwa hiyo siri ile haikuwa ya Asteria peke yake. Alikuwa ameaminiwa na mtu mwingine. Wanaoishi kwa kununua na kuuza huwa hawalioni hili. Kwao jina la fundi ni kama jina la kituo cha basi, kila mtu ana haki ya kuambiwa. Hawaoni fulana zilizoharibika nyuma ya jina hilo.

Aliyelitaka zaidi ni Bonifasia, ambaye wote tunamwita Mama Dunstan, mwenye duka la sare karibu na stendi na mume mwenye malori ya kubeba makaa ya mawe ya Ngaka. Alimwuliza Asteria dukani, akamwuliza sokoni, akamtumia shangazi yake. Kila mara Asteria alijibu kwa upole kwamba ana fundi wake wa mbali. Basi Mama Dunstan akalipeleka jambo lile mahali ambapo mtu hawezi kukataa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jumuiya yao ndogo ya kanisa imekusanyika nyumbani kwa mwenyekiti, Kilian. Walisali, wakasoma Injili, wakafika kwenye mengineyo, pale ambapo kwa kawaida hutangazwa wagonjwa na michango. Mama Dunstan akasimama. Alisema kwamba katika jumuiya kuna ndugu anayewanyima wenzake njia ya riziki. Hakumtaja, lakini wote waligeuka kumtazama Asteria.

Lazima ieleweke watu wetu wamekuaje. Kwetu mtu akipata mbegu nzuri ya maharage, anamgawia jirani. Akijua miche ya kahawa inakopatikana, anaelekeza. Kuficha mahali ulikopata mbegu ni tabia ya mchawi. Jumuiya ilimpima Asteria kwa kipimo hicho hicho, kana kwamba fundi ni debe la maharage linalogawanyika na kila mmoja akapanda kwake.

Mzee mmoja akatania kwamba huenda mifuko ile inachapwa na majini wa ziwani, ndiyo maana njia yake haitajwi. Watu wakacheka. Asteria alijaribu kueleza habari za meza moja na ahadi aliyoitoa. Hawakumpa nafasi ya kumaliza.

"Mdogo wangu, nani kakuomba mtaji?" Mama Dunstan alimkata. "Jina tu. Jina linapungua likitajwa?"

Kilian naye, ambaye angepaswa kulizima jambo lile, akaliongezea moto. "Asteria, tumetoka kusali Baba Yetu pamoja sasa hivi. Jina la fundi linakushinda?"

Asteria akalitaja. "Anaitwa Adinani. Yuko Tunduru, nyuma ya soko." Wakampigia makofi.

Mwezi haukuisha, Mama Dunstan akawa uani kwa mzee Adinani, ameketi mkekani, anakunywa chai ya Mwanakombo. Alijitambulisha kuwa dada mkubwa wa Asteria, aliyetumwa naye. Alikuwa na kazi ya jubilei ya parokia moja na fulana za madereva wote wa mumewe. Akataka pia mifuko ya ngolo, mingi. Fremu zilikuwepo, ukutani. Mzee akachapa. Angejuaje?

Asteria alipotuma mzigo wake kwa basi aliambiwa asubiri, meza imejaa. Akasubiri. Akaona ashuke Liuli kwa Glorious, dada wa Kianglikana mwenye nyumba ya wageni, ambaye kwa muda mrefu alikuwa mnunuzi wake mkubwa. Akaikuta mifuko ya ngolo imetundikwa pale mapokezi. Aliugeuza mmoja na kuona mstari wake mwenyewe, pamoja na jani la haragwe ambalo alilichora kwa kumkumbuka mama yake.

Glorious hakumficha kitu. Alisema Mama Dunstan anauza kwa bei ya chini. "Mgeni ananiuliza bei, dada. Haniulizi nani alichora."

Asteria akapanda basi hadi Tunduru. Alimsalimia mzee Adinani shikamoo, na mzee akaitikia, lakini hakumkaribisha kiti. Walipoelezana, kila mmoja alielewa jinsi yule mama alivyowazunguka wote wawili. Mzee hakumgombeza. Alizishusha fremu zake ukutani, akazifunga kwenye gunia.

"Nilikuomba jambo moja tu, mwanangu," alisema. "Nenda nazo."

Mzee naye hakufaidi. Mama Dunstan alipokwisha kujua kitambaa gani na rangi gani, alihamishia kazi kwenye kiwanda cha mjini chenye mashine. Meza ya Tunduru sasa inachapa mabango ya misiba na harusi. Kanisani Mama Dunstan ametoa mabati ya sakristia. Juzi mama mmoja alimwuliza anachapisha wapi siku hizi. Akajibu kwamba hiyo ni siri ya biashara, na wote waliosikia wakaona ni jibu la mtu mwenye akili.

Asteria anauza maharage sokoni. Fremu mbili zilipasuka njiani. Kilian alimfuata nyumbani na kumsihi mambo ya dunia yasimtenge na wenzake, asamehe, arudi.

"Nitakuja kusali, Mwenyekiti," alimjibu. "Mkifika kwenye mengineyo, nitatoka."

Na ndivyo anavyofanya. Kila Jumamosi Injili ikishasomwa na sala kufungwa, anasimama, anafunga kanga yake, anaaga kwa heshima na kuondoka. Wanaobaki wanatazamana na kutikisa vichwa. Wanasema mwanamke yule ana kiburi.