Mpinzani wa Betri za Tochi

Tangu afariki jirani aliyekuwa akicheza naye bao, baba yangu alikuwa akipanga kete kila alasiri huko Mwamgongo, pande zote mbili za bao, kisha anakaa kuzitazama. Dada yangu, anayeishi naye, aliniambia kwenye simu kwamba hata chakula sasa anakula kwa kubembelezwa. Nikaamua kumpelekea mpinzani.

Nilikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi, ya zamani, inayokunjwa kama kasha la miwani na kutumia betri mbili za tochi. Simu zinataka umeme; betri za tochi hata kiduka cha mwisho kijijini kinazo. Programu ya bao nilishaiandika mwenyewe kwenye kompyuta kubwa, nyumbani kwangu Gungu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuiunda upya kwenye hiyo kubwa ili iendeshwe na ile ndogo, ambayo prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya aina nyingine kabisa. Ni kama kumpikia mgonjwa wa nyumba ya pili: chumvi unaonja wewe, ulimi si wako.

Wiki mbili sikutulia. Programu ilikubali huku, ikagoma kule. Mara faili fulani ni jipya mno kwa mfumo ule mkongwe, mara kumbukumbu imejaa, mara kioo chembamba kimelikata bao nusu. Mke wangu akiniuliza hili, namjibu lile. Nilikichukia kile kidude, na kukiacha nako siwezi. Asubuhi moja kikacheza, tena kikanifunga mimi niliyekifundisha. Chai sikunywa. Nikapanda bodaboda mpaka Kibirizi kuwahi boti, na njia nzima ziwani nikawa nakikunja na kukikunjua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akakitazama kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Kete nyingine ziko wapi?"

"Mkononi, baba. Zinaingizwa moja moja."

"Na hiki kishimo?"

"Hiyo ndiyo nyumba."

Akanirudishia taratibu. "Hili ni bao la Ujiji, mwanangu. Sisi kete zote zinaanza ubaoni, na nyumba hatuna."

Niliona aibu. Bao nilijifunzia kwenye baraza za Ujiji, ujanani. Lake sikuwahi kulicheza hata mara moja. Kila aliponiita utotoni nilikuwa na pa kukimbilia. Wiki mbili nzima nilichunguza kidude kinataka nini, wala sikumuuliza baba anacheza bao gani.

"Nitairekebisha," nikasema, nimeshasimama. "Nikifika tu Gungu..."

"Utairekebisha vipi na hulijui?"

Boti ya kurudi ilikuwa mpaka kesho yake. Akanisogezea kigoda kilichokuwa cha jirani yake. Nikakaa.

"Tuliza mguu," akasema. "Unatikisa kete."

Alinifunga mara nne kabla dada hajaleta ugali na samaki wa migebuka. Hakuna aliyembembeleza. Alikula mpaka akaifuta sahani, mkono wa kushoto ameukinga juu ya bao, nisije nikamwibia kete.