Nyonga za Watasema

Machicha ya nazi yakilala hutoa harufu ya uchachu, na kila ikinifikia namkumbuka Watasema, mbwa wetu wa shambani. Jina hilo alipewa na baba, kuwaziba midomo majirani waliouliza kwa nini nyumba ya swala inafuga mbwa. Tulilima mpunga bondeni, nje kidogo ya Kibiti, na nguruwe mwitu hawaulizi dini ya mtu. Sijui kama naeleza vizuri; shule yangu iliishia darasa la saba.

Hajatimiza mwaka, Watasema akaanza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma ikiruka pamoja. Akilala, kuinuka kazi. Mjomba wangu wa kijiji cha Umwe akasema ni njaa. Basi tukamshindilia machicha, akanenepa kama mto wa sufi, na miguu ikazidi kuyumba. Mjomba alikosea, lakini kwa haki niseme: sote tulimwamini.

"Shemeji, huyu mbwa au kiti kibovu?" mjomba akacheka.

Baba hakucheka. "Mpunga ukichanua naye bado anayumba, nampiga rungu, natafuta mwingine."

Nililia mpaka mama akasema apelekwe kwanza kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa Mkristo wa kutoka bara, mtu mpole. Alimlaza Watasema ubavu, akashika paja, akalivuta nje na kulirudisha taratibu. Tukasikia ko!

"Mmesikia? Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga. Kazaliwa hivyo. Mpunguzeni mwili, asirukeruke, na mwogelesheni kila siku. Maji yatambebea uzito, misuli ya mapaja ikaze, imshikie nyonga."

Kwetu mbwa mkavu ukimgusa huna shida. Akilowa, najisi yake inakushika, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo.

"Daktari, hakuna dawa nyingine?" baba akauliza.

"Ya kutuliza maumivu ipo, mzee, siku hizi inauzwa hata madukani. Ya kumtembeza ni maji."

Machicha yakakoma. Baba akachana suruali yake ya mtumba, akatengeneza mkanda wa kumbeba mbwa tumboni, wakaingia kwenye dimbwi lililoachwa na mafuriko. Mjomba kando: "Leo shemeji kawa mkunga wa mbwa!" Baba akitoka, mimi namchotea udongo na kummiminia maji, naye anahesabu kwa sauti. Kesho yake tena.

Mpunga ukachanua. Asubuhi moja tulikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha kulindia shamba, nguruwe wakajitokeza ukingoni. Chini yetu Watasema akainuka, kwa tabu kidogo, kisha akatoka mkuku, bado kisungurasungura, akibweka kwa kifua chote. Nguruwe wakageuka, matete yakivunjika mbele yao.

"Mshike! Mshike, baba yangu!" mjomba alipiga kelele, na vigelegele akapiga yeye, mwanamume mzima. Baba alinikumbatia akicheka mpaka machozi.

Tulivuna vizuri. Sisemi mbwa alipona. Asubuhi za baridi alichechemea mpaka uzeeni.

Wakati ule nilidhani baba anaosha kwa kuchukizwa, na moyoni nilimwonea uchungu Watasema. Mpaka nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa: anayechukizwa haendi kulowana kwa makusudi. Baba hakuruka hata mara moja katika zile saba, na hakuruka hata siku moja ya dimbwi.