Mashine Iliyokohoa Kama ya Baba

Enzi zetu pale Bwera, umeme ulikuwa kama mgeni mwenye haraka: unasalimia, unaondoka. Jua likielekea nyuma ya vilima vya Kongo, jenereta ziliamka moja moja, na sisi watoto tulijipanga ukutani kucheza mchezo wa kubahatisha. "Ile ya kinyozi!" "Kiziwi wewe, ile ya banda la sinema!" Aliyekosea alienda kuchota maji. Moshi wa petroli ulichanganyika na harufu ya obundu, ule ugali wetu wa muhogo, na hadi leo nikinusa kimoja natafuta kingine. Mimi sikuchota maji mara nyingi, maana baba alikuwa fundi.

Kwetu Wakonzo jina huja na zamu ya kuzaliwa. Mimi Masika, binti wa kwanza. Wadogo zangu, Baluku ni mvulana wa kwanza, Bwambale wa pili. Ukitaja jina tu, watu wamejua umesimama wapi kwa mama yako. Baba alizitafutia mashine nafasi hivyo hivyo. Nyingi zilivuka mpaka wa Mpondwe bila jina lolote, kibandiko kimebanduliwa, rangi mpya juu ya kutu. "Rangi ni nguo," alisema. "Mvue kwanza." Akafungua kifuniko cha feni, akapitisha kidole ndani kutafuta alama za kiwandani, akapima nafasi ya bolti za kabureta kwa kijiti cha mtama. Kisha: "Huyu ni mdogo wa yule wa juzi. Gasketi ya kaka yake itamtosha." Mwisho alivuta kamba na kufumba macho. Hakuwahi kuniambia anasikia nini. Nilijifunza kwa kusimama karibu.

Mama alifariki akimzaa Bwambale. Nilipokuwa darasa la sita, baba alifunga jenereta yake mwenyewe kwenye pikipiki akavuka mpaka kwenda kuwasha taa za harusi, upande wa Beni. Hakurudi. Tulisikia kwamba risasi zilipigwa njia ile na vijiji vikakimbia, lakini mwili hakuna aliyeuona. Wazee wa ukoo wakakataa matanga. "Hatumlilii mtu hewani," walisema. "Leteni kitu alichokishika." Hatukuwa nacho. Niliacha shule, nikaomba kazi kwa Mzee Kule, fundi rafiki wa baba, nikawalea wadogo zangu. Baluku hakukubali neno yatima. Aliyelitamka alipigana naye.

Miaka ikapita. Mchana mmoja wa soko, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani hadi kwenye mabati, mfanyabiashara wa Butembo akatua jenereta ya buluu mbele ya banda letu. "Haina jina hata kidogo," alisema. "Dada, nitafutie ndugu yake nipate vipuri. Kyarumba batu beko bananingojea na kahawa yao."

Mzee Kule akavuta kamba. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza kama mtu aliyezuia pumzi, halafu ikashika, nzito, na mluzi mwembamba ukiifuata kwa nyuma. Mzee Kule akaachia kamba kana kwamba imemuunguza. Soko lilikuwa limejaa, lakini sikusikia kingine chochote. Hivyo ndivyo jenereta ya baba ilivyokohoa.

Nilipoinua macho, Baluku alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa shule, daftari mkononi, Bwambale nyuma yake. Hakuna aliyewaita.

"Baba yuko wapi?" Baluku aliuliza, akitazama nyuma ya bega langu.

Bwambale, ambaye hakuikumbuka hata sura ya baba, akaionyesha mashine kwa kidole. "Ndiye huyu?"

Nikaizima. Nilijua nikifungua kifuniko nitamzika mtu. Ningeweza kusema injini kama hizi huzaliwa nyingi kwa tumbo moja, na Baluku angelala na baba yake hai. Nikachukua spana. Ekzosi ilikuwa na ufa, umezibwa kwa bati la kopo la maziwa. Hapo ndipo mluzi ulipotokea. Bolti moja ya kifuniko ilikuwa ya baiskeli. Na mshikio wa kamba haukuwa wa plastiki: ulikuwa ule baba aliouchonga kwa mti wa kahawa, umelainika kwa kiganja chake.

"Dada, unaijua?" yule mfanyabiashara akaniuliza.

"Naijua. Ni ya baba yetu."

Akavua kofia. "Nilinunua kwa mutu, naye alinunua kwa mutu. Pole, dada."

"Basi ameiuza," Baluku akasema haraka. "Yuko huko, anakula pesa."

"Baba yako," Mzee Kule akamjibu, "angekuuza wewe kwanza."

Baluku alicheka. Alicheka kweli, kisha akaketi chini kwenye vumbi na mafuta.

Yule mtu alitupatia mshikio bila kuombwa, nami nikamfungia kijiti badala yake na kumtafutia gasketi. Mashine ikapanda Kyarumba kukoboa kahawa. Sisi tukazika kipande kile cha mti kwenye migomba, ubavuni mwa mama, wazee wakawasha moto wa matanga, na Baluku ndiye aliyesukuma udongo wa kwanza.

Leo sola zimenyamazisha Bwera. Vijana wananiletea mashine isiyo na jina wakiwa wameshaipiga picha. "Sista, simu imesema ni hii." Wananunua gasketi iliyotajwa na simu, haiingii, wanarudi wamenuna, nami nawacheka kidogo huku nikitafuta spana. Wadogo zangu ni wanaume sasa, wanashiba, kila mmoja na kitanda chake. Zamani tulilala watatu chini ya blanketi moja, na pikipiki ikipunguza mwendo nje tulitega masikio wote. Tulikuwa na njaa, lakini tulikuwa na mtu wa kumngoja.