Madawati ya Kuazima

Kamwene, hamjambo nyote. Sogeeni, na anayetafuna kiazi ameze kwanza, kuwe kimya. Watoto wa shule yetu huketi sakafuni. Afisa elimu akaja kutoka Njombe kuona nani apewe madawati mapya, na mwalimu mkuu, kwa kuogopa aibu, akaazima ya shule jirani. Yakaja na trekta.

Afisa akapapasa moja. "Mwalimu, ninyi hamna shida."

"Tunajitahidi, mheshimiwa."

Nikamvuta shati mwenyekiti wa kamati. "Baba, mwambie ukweli."

"Bibi, nyamaza. Tunasifiwa."

Afisa akaenda kwa jirani, akakuta vyumba vitupu, akasikitika. Basi jirani wakarithi madawati mapya, na ya zamani yakawarudia. Mwalimu mkuu akarithi pongezi. Mjukuu wangu akarithi saruji, na baridi ya huku mnaijua.