Jirani Hakuandikiwa

Nilimsingizia mwanangu kwamba anakojoa kitandani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Mengine naweza kuyatafutia sababu, nikazipanga moja juu ya nyingine kama matofali, lakini hilo sina pa kuliweka.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Rusinga, ndoa imenishinda, na msichana wangu alikuwa na miaka kumi. Kwetu binti aliyeolewa akirudi ni shida tupu. Boma si lake. Boma ni la mama na la kaka. Mama alinipa kibanda nyuma ya jiko, kikivuja upande mmoja, na nikashukuru. Nilikuwa mgeni mahali nilipozaliwa, na mgeni hachagui kigoda.

Mwanangu hakulala na mimi. Alilala nyumba ya mama yangu, kama wasichana wote wa rika lake pale kijijini. Hiyo ndiyo desturi yetu: wasichana wakishakula kwao, kila mmoja huchukua blanketi lake akaenda kulala kwa nyanya, tunayemwita Dani. Huko ndiko huambiwa hadithi, hufundishwa adabu, hucheka mpaka wakemewe. Kwa mama yangu walikuwa saba. Watu walimpenda, na mtu hakupelekei binti yake hivi hivi tu.

Sasa, ili ufike kwa Dani lazima upite langoni, na kando ya lango kulikuwa na simba ya kaka yangu. Usishtuke, si mnyama. Simba ni nyumba ndogo anayojengewa kijana wa kiume akishabaleghe, na hukaa karibu na lango. Hiyo ya kaka ilikuwa imefungwa kwa kufuli miaka minne, kwa sababu mwenyewe alikuwa gerezani.

Alifungwa Migori. Alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga, na pale alipopanga chumba, mwenye nyumba alikuwa na binti wa miaka tisa. Sitasema zaidi ya hapo. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi la mahakama, mkalimani akiyageuza maneno ya hakimu kuwa Kijaluo, na mama akawa anaangalia dirisha kama mtu anayengoja mvua. Miaka sita. Mama hakulia. Tulipofika Homa Bay tukakaa hotelini kungoja gari la Mbita, chai ikapoa mbele yetu, akaniuliza, "Tutawaambia watu nini?"

Nikamjibu papo hapo, wala sikufikiri. "Sukari. Alikamatwa na sukari ya magendo mpakani."

Loo, ulimi wangu! Hata mama alinitazama kwa heshima. Maana magendo kwetu si aibu. Mtu akikamatwa na sukari watu humwonea huruma, husema serikali haina kazi ya kufanya. Kwa hiyo uongo huo ulikuwa wangu, mimi ndiye niliyeushona, na ulimkaa kaka vizuri kama suti ya fundi.

Aliporudi, maana walimpunguzia theluthi ya kifungo kwa tabia njema, kijiji kizima kilikuja kumsalimu. Wazee walimpa mkono. Vijana wakamtania, "Umekaa na sukari ya serikali miaka minne, hata kilo moja hukutuletea?" Naye akacheka. Alikuwa amekonda, mvi mbili tatu zimeingia. Na mimi nilimpenda kaka yangu, sitakudanganya. Huyo ndiye aliyevua samaki usiku na mchana nipate karo mpaka darasa la nane. Nilimpikia kuku siku hiyo.

Alikuja na barua. Mama hakujua kusoma, akanipa mimi. Ilikuwa ya Kiingereza, ina muhuri, inasema yuko chini ya uangalizi wa polisi: kila mwezi aende kituoni kuripoti, na akihama aseme anahamia wapi. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba jirani aambiwe. Hapakuwa. Polisi wajue, basi. Siku hizi nasikia redioni kuna sheria, kuna orodha ya watu kama hao inayowekwa mahakamani, na wataalamu wanabishana ni nani aruhusiwe kuisoma. Huwa nasikiliza mpaka mwisho. Wakati ule orodha ya Rusinga ilikuwa na jina moja, na wasomaji wake walikuwa mama na mimi.

Mama akaichukua, akaitia sandukuni chini ya kitenge chake cha kanisani. "Ametumikia kifungo," akasema. "Hiki kitu kisitoke humu. Kikitoka, watachoma simba na yeye akiwa ndani, halafu wewe na mtoto wako mtarudi wapi?"

Nilijua alivyosema ni kweli. Kule ziwani mwizi wa nyavu tu alipigwa mawe nikiona. Na jina likishachafuka halichafuki la mmoja, mwanangu angekua akiitwa mpwa wa fulani mpaka akose mume. Nikafunga mdomo. Lakini jioni ile nilimwona mwanangu akipita langoni na blanketi lake kichwani, na kaka amekaa mlangoni kwake akimwambia, "Umekua, ee!"

Kesho yake nilimtoa kwa Dani. Watu wakauliza mbona, mtoto mkubwa hivi alale na mamake? Nikasema, "Amerudia kukojoa. Ataniharibia mikeka ya watu."

Mwanangu alinivuta pembeni. "Mama, mimi nimekojoa lini?"

Nikamwambia anyamaze. Nikamkemea kabisa, eti hana adabu. Wenzake walimwimbia wimbo wa kikojozi njiani kwenda shule, mpaka akawa anapitia njia ya vichakani peke yake. Aibu ya mjomba wake nilimtwika yeye, naye hata hajui mzigo una nini ndani.

Kaka hakuuliza. Alinikuta langoni akasema, "Umemtoa mtoto."

"Anakojoa," nikasema.

Akaniangalia, akasema tu, "Haya." Alijua. Sisi wawili tulijua, na tukapeana njia kwa upole kama wageni.

Jirani yangu ndiye aliyenimaliza. Tulikuwa tunaanika omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja pale ufukoni, wavu wangu kando ya wavu wake, tunafukuza ndege kwa zamu. Binti yake alikuwa rika la wangu, na kwa Dani walikuwa wakilala mkeka mmoja. Mwanamke mkarimu, mcheshi, mdomo wake haukupumzika. Siku moja akaniletea dawa, mizizi imefungwa kwenye gazeti. "Chemsha, anywe asubuhi na jioni. Wangu alipona kwa hiyo akiwa na miaka mitano. Usimpige, nyaminwa, kukojoa si kusudi." Nyaminwa, yaani dada yangu. Ndivyo alivyoniita siku zote.

Halafu akaongeza, "Lakini wangu anasema si kweli. Eti amelala naye siku zote, mkeka mkavu. Watoto na kuteteana!" Akacheka. Na mimi nikacheka. Nikaenda nikachemsha ile mizizi, michungu kama nyongo, na mwanangu akainywa mbele ya watu huku machozi yakimtoka. Nilifanya hivyo siku nne.

Kila siku pale ufukoni nilisema leo nitamwambia. Namwambia, "Nyaminwa," ananijibu, "Sema," nami nasema, "Omena yako inaungua upande ule." Mwoga mkubwa mimi!

Nilijaribu mara moja, si kwake. Nilikwenda kwa naibu wa chifu, nikamweleza kila kitu. Alikuwa mtu mzuri, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Anaripoti?"

"Kila mwezi."

"Amefanya kosa jipya?"

"Bado."

"Sasa wataka nipige ngoma? Nikitangaza barazani, kesho nitaandika ripoti ya maiti. Nikimfukuza, atahamia Mfangano au Magunga, na huko hakuna dada wa kumchunga. Wewe mchunge." Nilitoka pale nimebeba mzigo ule ule, umeongezwa jiwe. Hasira niliyokuwa nayo! Na mpaka leo sijui ningemjibu nini.

Basi nikamchunga. Kila jioni nilitafuta kazi ya kufanya karibu na lango: nachambua mboga, nafagia palipofagiliwa, nahesabu wasichana wanaoingia. Sita. Sita. Sita. Ilipita miezi mitano. Mtu hawezi kulinda lango maisha yake yote. Siku moja gari lilichelewa nikiwa Mbita nauza omena, nikafika jua limeshazama, na kabla sijaingia bomani nikasikia mayowe.

Alikuwa binti wa jirani. Kaka alikuwa amemwita amsaidie kuingiza mtungi wa maji, akafunga mlango. Mtoto alipiga kelele, na aliyevunja mlango ule kwa jembe alikuwa mama yangu, bibi mzee wa miguu mibovu, yeye aliyeficha barua. Mtoto alitoka nguo imechanika begani. Aliwahiwa, Mungu ashukuriwe, lakini hakusema neno mwezi mzima, na baadaye walimpeleka kwa shangazi yake Mfangano, hakurudi tena kukaa.

Watu walijaa. Walimfunga kaka kwa kamba za nyavu, na asiyekuwa na jiwe alikuwa na fimbo. Mama alimlalia juu, wakashindwa kumpiga bila kumpiga yeye, ndipo polisi wakafika. Askari mmoja alimmulika usoni kwa tochi, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ah, huyu tunamjua. Huyu ni wa kesi ya mtoto kule Migori. Huripoti kwetu kila mwezi."

Kisha mzee mmoja akauliza, "Mnamjua? Si alifungwa kwa sukari?"

"Sukari gani?" askari akasema.

Jirani yangu alikuwa amekaa chini, mtoto wake kamfunika kwa leso yake. Hakuwa analia. Aliinua uso, akanitafuta kati ya watu wote wale mpaka akaniona. Sikuwa na pa kujificha. Nilidhani atanitukana, na nilitamani anitukane.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "wako hakuwa anakojoa."

Mwanangu alikuwa nyuma yangu, ameshika sketi yangu, nami nilikuwa sijui kama yupo. Yeye ndiye aliyejibu.

"Sikuwa, Anti. Niliwaambia wote, mkanicheka."