Novemba ya Ndengu

Ijumaa, tarehe ishirini na tano Oktoba. Mawingu tangu alfajiri, joto la kukaba, upepo umetulia. Mbua hakuna.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku hiyo, na neno la mwisho nimeliacha jinsi lilivyo. Kwa Kiswahili cha shule ni mvua, najua. Lakini madaftari yangu yote yamejaa mbua kwa sababu ndivyo Wakamba tunavyosema, na nilipoanza kuandika sikudhani mtu mwingine angekuja kusoma. Mimi niliachia darasa la sita. Kazi yangu ni kushona sare za shule hapa Mutomo, na kila jioni kabla sijafunika cherehani naandika mistari miwili mitatu: hali ya hewa, kilichotokea, tulichokula. Si maandishi ya mtu kujivunia.

Nilianza kwa sababu ya ubishi. Mume wangu ni fundi wa magari kule Makindu, huja nyumbani mara moja kwa mwezi, na jioni akipiga simu neno lake la kwanza ni, "Kumenyesha?" Akija tunabishana. Mwaka juzi tulipanda lini? Mbua ilianza lini? Yeye ana sauti, mimi nina wasiwasi, kwa hiyo alikuwa akishinda kila mara. Nikasema basi, niandike. Na niseme ukweli: mara ya kwanza tulipofungua daftari kutafuta nani ana haki, ilikuwa yeye.

Binti yetu yuko Gredi ya Tatu. Kwenye ukuta wa darasa lao kuna boksi kubwa lililokunjuliwa na kupigiliwa misumari, na juu yake pameandikwa HABARI ZA MSIMU. Kila Jumatatu watoto huleta habari kutoka nyumbani, mwalimu huziandika kwa kalamu nene. Muhula huo wa tatu zilikuwa habari za kiangazi. Mto umekauka, tunachimba mchanga hadi kifuani ndipo tupate maji. Nyuki wamehama mzinga wa babu. Mbuzi wetu amezaa mapacha. Mtoto mmoja alileta habari kwamba shangazi yake ameolewa, na mwalimu akaiandika pia, akasema hata harusi zina msimu.

Siku ya kufunga shule, mtoto mmoja alikuwa asimame mbele ya wazazi asome habari hizo kama wanavyosoma kwenye televisheni. Aliyechaguliwa alikuwa binti yangu. Kwa wiki mbili alifanya mazoezi mbele ya kioo changu cha wateja, shingoni amejifunga kipande cha kitambaa cha sare kama tai. "Hamjambo watazamaji," aliniambia kila nilipopita na maji.

Halafu Jumatatu ya wiki ile ya mwisho alirudi, akapita kioo bila kukitazama. Alinipa karatasi ya mtihani mdogo. Swali lilikuwa: Mvua nyingi hunyesha miezi gani? Alikuwa ameandika Oktoba, Novemba na Desemba. Mwalimu alikuwa ameweka kosa, na pembeni kwa wino mwekundu: Machi hadi Mei.

Kumbe alikuwa ameinua mkono. "Mwalimu, lakini mbua kubwa ni ya Novemba." Darasa zima likacheka kwa ajili ya hiyo mbua, na sidhani kuna hata mmoja wao ambaye kwao husema mvua. Mwalimu aliwanyamazisha. Kisha akamwambia binti yangu kwamba msomaji wa habari lazima asome habari ya kweli, na kitabu kinasema Machi. Kama ana ushahidi, aulete. Kama hana, nafasi atapewa mwenzake.

Sitaki kumsema vibaya mwalimu yule. Ametoka upande wa Magharibi, na kwao masika ndiyo mvua yenyewe. Ana watoto wengi darasani na kitabu kimoja cha kufundishia. Ningekuwa mimi, ningeweka kosa vilevile.

"Mwaitu," binti yangu akaniuliza, na mwaitu kwetu ni mama, "sisi hupanda lini?"

"Oktoba, kabla ya mbua. Tunapanda kwa vumbi."

"Na Machi?"

"Machi pia tunapanda. Lakini mbua ya Machi ni kama mgeni. Anaweza kuja, anaweza kupiga simu aseme amekwama njiani."

"Basi nenda umwambie mwalimu."

"Mimi? Niende nikamwambie mwalimu kitabu kimekosea? Mimi wa darasa la sita?"

Akaangalia rafu iliyo juu ya cherehani. "Madaftari yako yanajua."

Nikamwambia ukweli, kwamba yameandikwa mbua kila ukurasa, kwamba watu watacheka. Alifikiri kidogo kisha akasema, "Sawa. Wacha wanicheke mimi peke yangu tena."

Ai, mtoto huyo! Kesho yake nilikuwa mlangoni mwa darasa na madaftari ya miaka sita ndani ya mfuko.

"Karibu mama," mwalimu akasema. "Umeniletea sare?"

"Nimeleta mbua."

Ilitoka yenyewe. Nikaona aibu hadi magotini. "Mvua, mwalimu. Samahani. Nimeleta mvua ya miaka sita."

Alicheka. Nimekipima kicheko hicho mara nyingi, na naamini hakikuwa cha kunidharau. Alivuta kiti cha mtoto, akakaa magoti yakimfika kidevuni, akafungua.

"Mama, hii umeandika kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Hapa mmekula ugali na sukuma. Hapa pia. Hapa pia."

"Hiyo usisome, mwalimu."

Alisoma kurasa nyingi. Mwishowe akasema hawezi kukubali kwa kutazama tu, ila watoto wenyewe watahesabu. Kila mmoja alete ndengu kiganja kimoja. Tutakata boksi vipande virefu viwili, kimoja cha Machi hadi Mei, kingine cha Oktoba hadi Desemba. Kila siku iliyonyesha itabandikwa punje moja ya ndengu, kwa gundi ya unga uliopikwa. Siku ya kufunga, mbele ya wazazi, vipande vitawekwa sambamba. "Cha mwisho wa mwaka kikizidi, binti yako atasoma. Kisipozidi, atasoma mwenzake. Sawa?"

Nikasema sawa, na kwa kweli ilikuwa sawa.

Alhamisi tulikaa sakafuni, kundi moja ukuta huu, kundi lingine ukuta ule, mimi katikati nikisoma. "Mbua. Mawingu tu. Jua. Mbua ndogo." Mwanzoni kila nikisema mbua walicheka. Baada ya nusu saa kicheko kiliwachosha. Baada ya saa moja walikuwa wakiitikia wote pamoja, "Mbua!", na punje inabandikwa. Tulipofika Novemba ilikuwa kelele za uwanja wa mpira.

Kisha nikafika Aprili ya mwaka juzi, nikasimamisha kidole. Kurasa zilikuwa nyeupe. Nilikuwa Kikima kwa mama yangu aliyevunjika mguu, na daftari lilibaki Mutomo.

"Mwalimu, hapa sijui," nikasema. "Siku kumi na mbili sikuwepo."

Binti yangu alininong'onezea kwa Kikamba ninyamaze. Uso wake ulikuwa kama nimechukua mkasi nikakata nguo aliyovaa. Moyo uliniuma, lakini nikiwa mkweli nusu si afadhali nisiwe? Nikaongeza na lingine, kwamba kuna mwaka mmoja kati ya hiyo sita ambao mbua ya Machi ilishinda ile ya Novemba, na wasije wakadhani haijawahi kutokea. Hapo binti yangu akainamisha kichwa.

"Tufanyeje na hizo siku kumi na mbili?" mwalimu akauliza darasa.

"Tuache nafasi," mmoja akasema.

"Tuwe wakarimu," mwalimu akasema. "Tuipe masika siku zote kumi na mbili, lakini kwa punje za mahindi, ili kila mtu ajue hizi hatukuziona."

Punje ya mahindi ni kubwa kuliko ya ndengu. Niliona masika inapata zaidi ya haki yake, lakini nikaendelea kusoma. Nilikuwa nimesema vya kutosha.

Hakuna aliyepima jioni hiyo, gundi ilikuwa mbichi. Vipande viliachwa sakafuni vikauke. Usiku nililala nikiona mahindi.

Ijumaa, siku ya mawingu niliyoitaja, tulifika mapema mimi na binti yangu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kuku wa mpishi wa shule alikuwa amesimama juu ya Novemba, anadonoa ndengu moja moja kwa utulivu kama mtu aliyealikwa. Masika hakuwa ameigusa.

"Shuu! Toka!" Binti yangu alimfukuza hadi nje, akarudi analia.

Mpishi alikuja na mwiko mkononi, akatazama kipande kile, akatazama kingine. "Sasa mnalia nini? Kuku wangu amekwenda mahali pana chakula. Huyo ni shahidi wenu."

Mwalimu alipoingia alishika kiuno. Wazazi walikuwa wameanza kukusanyika uwanjani. Binti yangu akachukua mkebe wa ndengu zilizobaki. "Mwaitu, tujaze tu. Tujaze mpaka hapa." Kidole chake kilikuwa mbele sana ya mahali pale Novemba ilipokuwa imefika jana.

"Hapana. Kila moja itoke kwenye daftari."

"Hatutawahi!"

"Basi soma haraka."

Akakaa. Safari hii yeye alisoma na mimi nikabandika, kwa sababu vidole vyangu vimezoea vitu vidogo. Alisoma mwandiko wangu mbaya bila kukwama. "Mbua. Mbua. Mbua ndogo. Mawingu. Mbua." Mwalimu alisimama nyuma yetu akihesabu na kalamu. Tulimaliza gundi ikiwa bado maji, wazazi wakiwa tayari wamejaa kwenye madawati, magoti nje.

Mwalimu akaeleza kila kitu, swali, kosa, madaftari, mahindi, hata kuku. Kisha wazazi wawili wakabeba vipande kwa uangalifu wakaviweka juu ya meza, mwanzo kwa mwanzo.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, masika ilikuwa imeisha pamoja na mahindi yake yote, na ndengu za mwisho wa mwaka zilikuwa bado zinaendelea. Mwalimu akaweka kiganja chake kwenye ile ziada, akatanua kutoka kidole gumba hadi kile cha mwisho. Ndengu zilipita shubiri yake, zikabaki nyingine nje.

Watoto walisimama juu ya viti. Mwalimu hakuwazuia. Alichukua ile karatasi ya mtihani niliyokuwa nimeiweka ndani ya daftari, akalikata lile kosa mbele yetu sote, akaweka alama kubwa ya vyema.

"Kitabu hakikudanganya," akasema. "Kitabu kinaongea na Kenya nzima. Mimi ndiye sikuuliza niko wapi." Halafu akamgeukia binti yangu. "Msomaji, tai yako iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwake. Akaifunga, akasimama wima.

"Hamjambo watazamaji. Hizi ni habari za msimu. Mto bado umekauka. Nyuki hawajarudi. Nyumbani kwetu tumeshapanda kwa vumbi na sasa tunangoja mbua..."

Akasita. Alinitazama mimi. Nikaona midomo yake ikitafuta ile v.

"Sema mbua, mwana!" baba mmoja wa nyuma akapaza sauti. "Mvua ni ya Mombasa!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko, na safari hii yeye alicheka nao. "Tunangoja mbua," akarudia kwa nguvu, "ambayo kwa kawaida hufika mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Mwaka mmoja kati ya sita, mbua ya Machi ilitushinda. Siku kumi na mbili hatuzijui." Aliyasema bila kuambiwa na mtu. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonitoa machozi, si shubiri.

"Makofi ya mvua!" mwalimu akasema.

Kama hujayaona, hupigwa hivi: kidole kimoja kwenye kiganja, polepole, kama matone ya kwanza. Kisha viwili. Kisha vitatu, vinne, halafu mikono mizima. Watoto walianza, wazazi wakafuata, na chini ya bati lile sauti ikapanda hadi ikawa gharika. Kupitia dirishani nilimwona mpishi akitoka jikoni mbio, aproni kichwani, kwenda kufunika kuni zake. Alifika katikati ya uwanja mkavu, akatazama juu, akatugeukia na kutikisa mwiko.

Jioni simu ililia.

"Kumenyesha?"

"Darasani, ndiyo. Shambani bado."

Ilibidi nimsimulie yote mara mbili. Mwisho akauliza, "Na ile siku ya kwanza tuliyofungua daftari, nikawa na haki mimi, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Ndiyo maana nimeandika hapo juu.

Mwalimu alikuwa amenifungia ndengu zilizobaki kwenye mkebe. Nilizichambua, nikaziosha mara tatu kwa sababu ya gundi, nikazipika na kitunguu na nyanya. Tulikula ndengu na chapati, mimi mbili, msomaji wa habari nne.