Mayai Ishirini na Mawili na Tundu la Dashibodi

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi, mayai yangu yana siku ishirini kwenye mashine ya kutotolesha. Aliyefuga kuku anajua siku hiyo ni siku gani. Kifaranga ameshaanza kulia ndani ya ganda, kesho yake anatoka. Ukimpiga baridi hapo, umemuua akiwa mlangoni.

Yalikuwa mayai ishirini na mawili. Tena siyo ya kununua. Ugonjwa wa mdondo ulipita huku Nakwa ukazoa kuku mtaa mzima, wangu na wa majirani, hata wa kumwazima alalie hakuna. Mbegu ya kuku wangu niliitoa kwa mama yangu. Nilikuja nayo kwenye ndoa, majike mawili na jogoo, nikaichunga mpaka nikazeeka nayo. Sasa kilichobaki duniani ni yale mayai niliyookota kabla kuku hawajaanza kusinzia. Yakifa, imekwisha. Hakuna pa kwenda kuomba nyingine.

Mashine yenyewe ya kuazima, ya mwanamke mmoja wa jumuiya yetu. Yule anaongea kwa pua, kila neno analivuta kama ugali wa moto. "Maaama, usiifungue-fungue. Na huu waaaya wa kuchomeka kwenye gari, usinikatie. Una kidude chake ndani. Ukiukata, baki nayo yoooote." Nikamwambia sitaukata. Nikashika na Biblia.

Waya wa gari upo, na gari lipo, kigari cha mzee wangu, baba watoto, kidogo hivi kwamba ukipanda na kapu la nyanya lazima mmoja akae juu ya mwenzake. Shida ni kwamba pale kwenye dashibodi, pa kuchomeka, palikuwa na tundu tupu. Aliyetuuzia aling'oa soketi yake akaondoka nayo, akaziba tundu kwa kitambaa. Soketi mpya nilishanunua mwenyewe kwenye duka la vipuri, wiki mbili nyuma, kwa sababu umeme wetu naujua tabia. Ikakaa kabatini. Fundi wa gari kila nikimpigia: "Bibi shikamoo bibi, kesho bibi, kesho asubuhi na mapema, usiwaze bibi." Anaongea mbio kama anakimbizwa na mbwa. Na mzee wangu naye, yeye anaongea taratibu, unaweza kwenda kisimani ukarudi hajamaliza: "Hiyo... kazi... ni ya dakika... kumi. Nitaifanya." Wiki mbili.

Basi umeme ukakatika. Nikasubiri kidogo. Jirani akapita akasema transfoma imelipuka, watu wa umeme wameitwa, labda jioni. Nikatazama namba kwenye kipimajoto cha mashine, kile chenye betri yake ndogo. Herufi mimi sizijui, shule sikwenda, lakini namba tunajuana. Ilitakiwa thelathini na saba na ushee. Ilikuwa thelathini na sita.

Nikaifunika blanketi. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa nikazipanga pembeni. Upande wa chupa ukapata joto, upande wa pili ukabaki baridi. Nikaweka sikio. Nyiu, nyiu, nyiu, wanalia humo ndani. Nikamwita mzee, tukaitoa mashine na blanketi lake, tukaiweka chini kando ya gari.

Fundi tukampigia, yuko mbali huko Dareda, anatengeneza lori la mtu. "Bibi shikamoo bibi, siwezi kufika, sikiliza bibi, mnaweza wenyewe. Toa kwanza ule waya mweusi wa betri. Nyuma ya lile tundu kuna nyaya mbili. Nyekundu ndio moto, unaleta umeme, nyeusi ndio ardhi, unaurudisha. Kwenye soketi, mguu wa katikati unapokea moto, wa kwenye ganda unapokea ardhi. Msibadilishe bibi, mkibadilisha mashine inakufa. Poa bibi." Akakata.

Mzee mgongo hauruhusu, na tumbo nalo halipiti chini ya usukani. Akatoa ule waya wa betri, nikaingia mimi. Nililala chini kwenye gari, miguu nje ya mlango, kanga nimeibana kati ya magoti. Mama mmoja akapita na ndoo akasimama. "Jamani, bibi wa watu kagongwa?" Nikamjibu nimelala, aendelee na safari.

Nyaya nikazipata. Nyekundu na nyeusi, zimesokotana, kila ncha imefungwa tepu yake. Lakini nilipozishika nikazitilia shaka. Huu haukuwa waya wa gari. Ulikuwa ule mwembamba wa pacha, wa spika za redio, tunaounga nyumbani. Maana yake kuna fundi aliwahi kupita hapa akaunga kwa alichokuwa nacho. Na fundi wa namna hiyo haangalii rangi, anaangalia kama umefika.

Nikasema, "Mzee, tupime kwanza."

"Fundi... amesema... nyekundu ni moto."

"Fundi yuko Dareda. Waya uko hapa."

"Mama watoto, wewe umesomea umeme wapi?"

"Palepale uliposomea wewe."

Kwenye mashine namba ilikuwa thelathini na tano.

Kupima nilishaona gereji pale stendi, nikimsubiri mzee mara nyingi na matairi yake. Wanachukua taa ndogo ya indiketa, inawekewa nyaya mbili. Moja unaigusisha kwenye chuma cha gari, nyingine kwenye waya unaoupima. Taa ikiwaka, hapo pana moto. Tulikuwa na taa ya akiba. Mzee akarudisha waya wa betri, akawasha swichi, huku ananung'unika kwa ile sauti ya mtu aliyenyimwa chai. Nikagusa nyekundu. Giza. Nikagusa nyeusi.

Ikawaka.

Mzee akainama mpaka kofia ikadondoka. "Haiwezekani."

Nikarudia. Nyekundu giza, nyeusi inawaka. Nikarudia mara ya tatu, kwa sababu niliona wazi: kama tungefuata rangi, mashine ya watu ingekufa na mayai yangu ndani yake. Mzee akaokota kofia, akasahau kuivaa.

Sasa ndipo tukakosea. Betri tuliirudisha kwa ajili ya kupima, na hatukuitoa tena. Kila mmoja alifikiri mwenzake ametoa. Mzee akanipa plaizi, nikaanza kusokota ule mweusi kwenye mguu wa katikati, plaizi ikagusa chuma. Pwaa! Cheche ikaruka, nikapiga kichwa kwenye usukani, nikanuka moshi. Nikatoka humo kinyumenyume kama ng'ombe aliyeona chatu.

"Umeungua?"

"Watazame vifaranga, mimi niache!"

Thelathini na nne. Nikaweka sikio. Kimya. Hakuna nyiu hata moja. Nikagonga mashine kwa kucha, taratibu. Kimya. Nikakaa hapohapo kwenye vumbi.

Tukatoa betri, safari hii mzee kaushika ule waya mkononi nikiuona. Nikamalizia kuunga, nikafunga tepu, nikaisukuma soketi kwenye tundu mpaka ikabana. Tukarudisha betri, tukachomeka waya wa mashine. Hakuna kitu. Ile cheche ilikuwa imekata fyuzi.

Mzee akasema ana dawa. Akatoa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akaanza kuizungushia fyuzi iliyoungua. Vijana wa bodaboda wote wanafanya hivyo, na yeye kafundishwa nao, mtu mzima na mvi zake. Nikamshika mkono. Fyuzi kazi yake ni kufa kwanza. Ukiweka karatasi haifi, unakufa waya, na waya ukiungua unaungua na gari, na mashine, na mayai, na sisi wenyewe tumekaa tunaota moto.

"Sasa tufanye nini? Mpaka nifike dukani na kurudi, hao wamekwisha!"

Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akiongea haraka vile.

Nikafungua kile kisanduku cha fyuzi. Zimepangwa kwa rangi, na hizi rangi zake zinatoka kiwandani, hajazipanga fundi wa njiani. Iliyoungua ya bluu. Nikatafuta bluu nyingine. Ipo. Nikaichomoa, nikamwambia mzee abonyeze honi. Honi kimya. Basi, honi ipumzike. Nikaipachika pale pa soketi.

Kitaa chekundu kikawaka kwenye waya. Feni ndani ya mashine ikaanza, vuuu, polepole. Mzee akawasha injini betri isiishe. Mashine tuliiweka kiti cha nyuma, nikakaa pembeni yake, blanketi limetufunika wote, mayai na mimi.

Thelathini na nne. Ikakaa hapo muda mrefu hivi kwamba nilidhani namba imeganda. Thelathini na tano. Mzee kila dakika: "Wanalia?" Sauti imerudi ya taratibu, lakini nyembamba. "Hawalii." "Wanalia?" "Nyamaza nisikie." Thelathini na sita. Thelathini na saba. Kimya.

Nikasema moyoni, mama, nimeimaliza mbegu yako.

Saa nane na kitu nikasikia kama mtu anakuna kucha kwenye sahani. Nikadhani ni mzee. Nikageuka kumgombeza, kumbe ametulia, mikono yote kwenye usukani. Nikaweka sikio. Tk. Tk. Halafu nyiu moja, ya kuchoka, kama mtoto aliyelala na njaa. Halafu nyingine upande ule.

Saa tisa mtaa mzima ukapiga kelele, "Umeme umerudiii!" Nikamwambia mzee azime gari tuingize mashine ndani.

"Azime... nani? Huo umeme... haujakaa hata... kitako."

Tukabaki kwenye gari mpaka jioni.

Kesho yake walitoka kumi na wanne. Mayai manane hayakutoka. Niliyapasua moja moja. Ndani wamekamilika, manyoya yao, kucha zao. Mzee akaniuliza ni ile baridi au ni yale maji ya moto ya chupa zangu. Nikamwambia sijui, na mpaka leo sijui. Nikawazika chini ya mgomba, na yeye ndiye aliyechimba shimo, mgongo wake ule ule.

Kwa wale kumi na wanne nilisubiri miezi mitatu kujua nani ni nani. Majogoo manane, wanapigana tu uani. Majike sita. Sita yananitosha.